Tundu lilikubali, picha ikakataa: adapta nne za laptopu moja Majengo

Maalim mmoja wa Majengo, Mombasa, hufundisha biolojia na kemia jioni, sebuleni kwao. Wanafunzi ni 14, wote wa kidato cha nne, na laptopu ni ya inchi 14. Anayeketi safu ya tatu haoni mchoro wa figo, anaona mwanga tu. Ukutani kuna runinga bapa ya inchi 40 ambayo mchana hutazamiwa taarifa na mpira. Kilichotakiwa ni kidogo sana: mchoro utoke kwenye laptopu, uonekane ukutani, na video ikichezwa sauti isikike.

Ilichukua adapta nne. Mbili za kwanza hazikuleta chochote, ya tatu ilileta nusu ya kazi, ya nne ndiyo iliyofaa, na ndiyo iliyokuwa rahisi kutengenezwa kuliko zote. Kinachofanya kisa hiki kistahili kuchambuliwa ni kwamba hakuna hata moja iliyokataa kuingia. Zote nne zilichomeka sawasawa, bila kulazimishwa.

Tuanze na vifaa vyenyewe. Laptopu ni HP EliteBook 840 G2, ya mtumba, aina inayojaa madukani. Ina matundu mawili ya kutolea picha. La kwanza ni VGA, lile pana lenye vishimo 15 katika safu tatu na nati mbili pembeni. La pili ni DisplayPort ya ukubwa kamili. HDMI, tundu la picha na sauti la runinga za siku hizi, haina. Runinga kwa upande wake ina HDMI mbili, matundu ya AV ya rangi tatu, USB moja na tundu la antena. VGA haina.

Kosa la mwanzo lilifanyika kabla hata ya kwenda dukani. Maalim alitazama ubavu wa laptopu, akaona tundu la bapa, akaamua ni HDMI. Waya wa HDMI ulikataa kukaa, naye akadhani tundu limeharibika. Usilaumu macho yake, matundu hayo mawili yanafanana kama pacha ukiyatazama kwa haraka. Yasogelee. HDMI imekatwa pembe mbili za chini, kushoto na kulia, kwa hiyo umbo lake linapungua kuelekea chini kama karai. DisplayPort imekatwa pembe moja tu, nyingine tatu zimebaki za mraba. Pembeni yake kwa kawaida huchorwa alama ya D iliyobeba P ndani yake. Washa tochi ya simu, hesabu pembe zilizokatwa, na nusu ya safari umeshaimaliza. Ukilazimisha waya wa HDMI ndani ya DisplayPort, ule ulimi mwembamba wa ndani unaweza kuvunjika, na hapo shida si ya adapta tena, ni ya fundi wa bodi.

Basi, kwa kuwa DisplayPort ilihesabiwa kama HDMI mbovu, ikabaki VGA. Mjini, duka la kwanza karibu na Digo Road, maelezo yakawa mafupi: laptopu ina VGA, runinga ina HDMI.

"Maalim, hii hapa, HDMI na VGA. Unachomeka tu."

Kilichouzwa kilikuwa kile kidude kifupi cheusi chenye kichwa cha HDMI upande mmoja na tundu la VGA upande wa pili. Nyumbani kulikuwa na waya wa VGA uliotoka kwenye monita ya zamani. Kichwa cha HDMI kikaingia nyuma ya runinga, waya wa VGA ukaunganisha adapta na laptopu, skrubu zikakazwa. Runinga ikaandika "No Signal" na kuendelea kuandika hivyo hivyo kila tundu lilipobadilishwa.

Hapa ndipo kiini cha kisa chote kilipo. VGA ni ya analogi, kazi ya IBM ya mwaka 1987: rangi nyekundu, kijani na buluu kila moja husafiri kwenye waya wake kama volti inayopanda na kushuka. HDMI ni ya dijitali, picha husafiri kama namba. Kati ya hizo mbili hakuna waya mtupu unaoweza kutafsiri, lazima iwepo chipu. Na chipu ya kugeuza dijitali kuwa analogi haigeuzi analogi kuwa dijitali. Ni kama mtaa wa njia moja. Ile adapta nyeusi imetengenezwa kwa ajili ya laptopu mpya yenye HDMI inayotaka kuonyesha kwenye projekta ya zamani yenye VGA. Inasubiri picha iingie kupitia kile kichwa cha HDMI. Nacho kilikuwa kimechomekwa kwenye runinga, ambayo HDMI yake hupokea tu na haitoi picha. Pande zote mbili zikawa zinasubiri kulishwa.

Muuzaji hakudanganya. Aliulizwa habari ya HDMI na VGA, akatoa kitu chenye HDMI na VGA. Neno lililokosekana ni "kutoka" na "kwenda". Ukisema "kutoka VGA ya laptopu kwenda HDMI ya runinga" hakuna muuzaji mzoefu atakayekupa ile nyeusi. Kama huna hakika na ulichoshika mkononi, tazama kichwa kinachochomoza: katika adapta nyingi fupi, kichwa cha kiume kilichoshikana na adapta ndicho kinachoingia kwenye chombo kinachotoa picha, yaani laptopu, na tundu la kike ndilo linalopokea waya wa kwenda kwenye skrini. Si sheria isiyovunjwa, ila inakuokoa mara nyingi.

Adapta ya pili ilikuwa mtego mbaya zaidi. Safari hii wazo lilikuwa kukwepa matundu ya picha kabisa na kutumia USB, kwani laptopu ina USB za kutosha. Dukani kikatoka kidude mfano wa flashi nene: kichwa cha USB upande mmoja, tundu la HDMI upande wa pili. Kikachomekwa kwenye laptopu, waya wa HDMI ukaenda kwenye runinga. Laptopu ikalia ile sauti yake ya kutambua kifaa kipya, moyo ukatulia. Runinga: "No Signal".

Kidude hicho si cha kutoa picha. Ni cha kunasa picha. Watu wanaorekodi michezo au kurusha ibada na harusi mubashara hutia waya wa kamera kwenye tundu la HDMI, na laptopu ikapokea picha kupitia USB. Mwelekeo umegeuka tena. Jaribio la kukitambua ni la sekunde 10: kichomeke, fungua programu ya kamera ya Windows, kisha badilisha kamera. Kama imezuka kamera mpya ambayo hukuwa nayo, umenunua kinasaji.

Adapta za USB za kutoa picha kweli zipo, ila ni kitu kingine. Ndani yake mna chipu inayofanya kazi ya kadi ya picha, na mara nyingi lazima usakinishe draiva, yaani programu ya kuiendesha, kwanza. Picha hubanwa na prosesa ya laptopu, ikapitishwa USB, ikafunguliwa upande wa pili. Kwa slaidi zinafaa. Kwa video laptopu ya zamani hupata joto na picha hukwama, na filamu za huduma za kulipia mara nyingi hukataa kuonekana. Ikiwa laptopu ina tundu lolote jingine la picha linalofanya kazi, za USB ziache. Na ule waya mtupu wenye kichwa cha USB huku na cha HDMI kule, usio na kisanduku chochote katikati, usiupe hata nafasi ya kuujaribu.

Ya tatu ilipatikana kwa kuuliza vizuri: kutoka VGA kwenda HDMI. Hii ina kichwa cha VGA cha kiume kinachoingia laptopu, tundu la HDMI, na mikia miwili ambayo watu huiona ya ziada kumbe si ya ziada. Mkia mmoja ni wa USB. Tundu la VGA la laptopu halikuwekwa kulisha chipu umeme, kwa hiyo chipu hutegemea volti 5 za USB. Usipouchomeka, adapta imekufa. Mkia wa pili ni wa sauti, pini ya milimita 3.5 kama ya spika za masikioni. VGA haikuwahi kubeba sauti hata siku moja, kwa hiyo sauti lazima itolewe kwenye tundu la spika za masikioni na kuingizwa kwenye adapta, ndipo ichanganywe na picha ndani ya waya wa HDMI.

Picha ikaja. Bila sauti kwanza, kwa sababu mkia wa pili ulibaki ndani ya boksi, kisha kwa sauti. Darasa lingeweza kuendelea hapo, na wengi huishia hapo wakaridhika. Lakini maandishi madogo yalikuwa na ukungu, na mistari myembamba ya mchoro ilitetemeka kidogo. Sababu ni kwamba picha ilizaliwa dijitali ndani ya laptopu, ikageuzwa analogi ili ipite VGA, kisha adapta ikakisia upya kila pikseli, yaani kila kitone cha picha, inaanzia wapi na kuishia wapi ili kuirudisha kuwa dijitali. Kila kukisia kunapoteza kitu. Huhitaji kuwa mjuzi kuliona: fungua ukurasa mweupe wenye herufi nyeusi za ukubwa wa 11, simama mita 2 kutoka kwenye runinga, utazame kingo za herufi. Kwa sinema hungejali. Kwa mlinganyo wa kemia wenye vinambari vidogo chini ya herufi, 2 na 3 zinaanza kufanana, na hapo mwanafunzi anaandika kitu kingine kabisa.

Njia iliyo sahihi ilikuwepo tangu siku ya kwanza, kwenye lile tundu lililodhaniwa ni HDMI mbovu. DisplayPort ya laptopu za kazi za miaka hiyo, hii ikiwemo, ni ya aina mbili kwa pamoja, huandikwa DP++. Ikichomekwa adapta ya HDMI, pini ya 13 huiambia kadi ya picha kwamba hapa si skrini ya DisplayPort, ni adapta. Kadi yenyewe huacha lugha ya DisplayPort na kuanza kutoa lugha ya HDMI. Adapta haitafsiri chochote, inarekebisha volti tu. Ndiyo maana inaweza kuwa ndogo, ya bei nafuu, isiyo na draiva wala mkia wa USB, na bado ikatoa picha safi kuliko ile ya tatu yenye chipu na mikia yake. Sauti hupita humo humo.

Kuna mpaka wa kujua. Adapta za namna hii za kizazi cha kwanza zimewekewa kikomo cha kasi ya kupitisha pikseli, megahezi 165. Picha ya 1920 kwa 1080 kwa mara 60 kwa sekunde huhitaji 148.5, kwa hiyo inapita. Runinga ya 4K, ile yenye pikseli nyingi zaidi, nayo itaonyesha picha, ila kwa 1080, isipokuwa ukitafuta adapta iliyoandikwa 4K. Kwa runinga ya inchi 40 ya kufundishia, 1080 yatosha na kubaki.

Na mwelekeo, tena. Adapta hii hutoka DisplayPort kwenda HDMI pekee. Laptopu yenye HDMI ikitaka kuonyesha kwenye monita yenye DisplayPort tupu, haitafaa hata ukigeuza waya kichwa chini. Safari hiyo inataka adapta nyingine, yenye chipu na umeme wake wa USB.

Ukienda kununua, sema hivi: "Nataka ya kutoka DisplayPort kubwa ya laptopu kwenda HDMI ya runinga, upande wa HDMI uwe wa kike." Neno "kubwa" lina kazi, kwani iko pia DisplayPort ndogo, ya ThinkPad na MacBook za zamani, na vichwa vyake haviingiliani. Upande wa kike unakuruhusu kutumia waya wa HDMI wa urefu wowote ulio nao. Chagua yenye mkia mfupi wa sentimita 10 au 15 badala ya ile ngumu kama tofali. Ile ngumu huning'inia kwenye tundu pamoja na uzito wa waya mzima, na mtoto mmoja akikwaruza waya kwa mguu, tundu linalegea. Nenda na laptopu yako na uijaribu hapo hapo kwenye monita ya duka. Muuzaji anayekataa kujaribu, mwachie bidhaa yake.

Kutoka mezani hadi ukutani zilikuwa mita 3 na kitu, wakachukua waya wa mita 5. Kwa 1080 waya wa mita 5 hausumbui. Ukifika mita 10 tafuta ulio mnene, na zaidi ya 15 uwe wenye chipu ya kuongeza nguvu ndani yake.

Siku ya kuunganisha, zima runinga na laptopu kwenye soketi ya ukutani kwanza. Nyumba nyingi za zamani mjini zina soketi za pini 3 ambazo waya wa ardhi haukuunganishwa popote, na ule mtekenyo unaousikia ukigusa bodi ya chuma ya laptopu inayochajiwa ni umeme mdogo usio na pa kwenda. Kwa kawaida hautakudhuru wewe, lakini ukipita kwenye pini za HDMI wakati wa kuchomeka unaweza kuichoma chipu ya tundu. Chomeka waya zote, kisha washa runinga, kisha laptopu. Kwa rimoti chagua chanzo kinacholingana na tundu ulilotumia. Nusu ya "No Signal" za dunia hii ni waya kuwa HDMI 2 na runinga kutazama HDMI 1.

Picha isipojileta, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P. Zinatokea chaguo nne. Ya kwanza huacha picha kwenye laptopu pekee, ya pili hunakili skrini, ya tatu huitandaza ikawa skrini mbili, ya nne huhamishia kila kitu kwenye runinga. Maalim alitumia ya pili, kama watu wote, na maandishi yakawa manene yasiyo makali. Skrini ya laptopu hiyo ni ya 1366 kwa 768, na ukinakili, runinga nayo hupewa kipimo hicho hicho, kisha huivuta kujaza kioo chake. Alipohamia ya nne na kuweka 1920 kwa 1080 kwenye mipangilio ya skrini, vinambari vya kemia vikasimama. Ya tatu inafaa pia ukitaka majibu yabaki kwako na maswali yaende ukutani.

Kisha kingo zikakatika: upau wa chini wa Windows haukuonekana, saa ikawa nje ya kioo. Si kosa la adapta. Runinga nyingi huikuza picha kidogo na kuficha kingo zake, mazoea ya enzi za antena. Ingia kwenye ukubwa wa picha wa runinga yenyewe. Kwa LG tafuta "Just Scan", kwa Samsung "Screen Fit", kwa nyingine 1:1. Usilirekebishe kwenye laptopu, utapata ukungu ule ule uliokuwa unaukimbia.

Sauti ikabaki kwenye laptopu. Bofya alama ya spika kona ya chini kulia, fungua orodha ya vifaa, chagua jina la runinga. Windows hukumbuka chaguo hilo, ila ukichomoa waya katikati ya video, sauti hurudi kwenye laptopu na huenda ukairekebisha tena.

Jambo moja ambalo limevunja matundu mengi: waya nyingi za DisplayPort, na adapta kadhaa, zina vindoano viwili vidogo vinavyouma tundu, na kitufe juu ya kichwa cha kuviachilia. Watu huvuta kwa nguvu bila kubonyeza. Papasa juu ya kichwa kabla ya kuchomoa.

Kwa wenye laptopu za siku hizi, hadithi ni fupi. Yenye HDMI inataka waya tu. Yenye USB-C inataka adapta ya USB-C kwenda HDMI, mradi tundu lile linatoa picha. Si yote yanayotoa. Tafuta alama ya D na P au ya radi karibu nalo, au soma maelezo ya modeli kamili. Simu nyingi za bei nafuu zina USB-C ya kuchaji na kuhamisha data pekee, na adapta ya kawaida ya USB-C kwenda HDMI haitazibadilisha.

Mwenye runinga ya zamani yenye AV pekee, nyekundu, nyeupe na njano, atauziwa kisanduku cha HDMI kwenda AV. Kinafanya kazi kikipewa volti 5, ila soma kifuniko chake mara mbili kwani kile cha AV kwenda HDMI hufanana nacho kama maji na maji. Kwa katuni sawa. Kwa maandishi, njia ile ina mistari 576 tu, na slaidi ya kawaida haisomeki. Na mwenye kutaka kuonyesha video pekee, bila slaidi wala kuandika, aitie kwenye flashi na kuichomeka kwenye USB ya runinga. Runinga nyingi bapa huzicheza zenyewe, hakuna cha kununua.

Hewa ya bahari nayo ina sehemu yake. Chumvi na unyevu hufanya pini zigeuke rangi, na baada ya miezi picha huanza kukatika ukigusa waya. Pangusa kichwa cha waya kwa pamba iliyoloweshwa spiriti kidogo, acha ikauke dakika kadhaa, na uzibe matundu usiyoyatumia nyuma ya runinga kwa vifuniko vya plastiki.

Adapta zile tatu hazikutupwa. Ile nyeusi ya HDMI kwenda VGA itamfaa jirani mwenye laptopu mpya na projekta ya zamani. Kinasaji kinarekodi masomo ya maabara kutoka kwenye kamera yenye HDMI, kazi yake halisi. Ya tatu iko ndani ya begi kama akiba, na waya wake wa USB umefungwa nayo kwa mpira, kwa sababu waya huo ndio hupotea kwanza, na bila yeye adapta haina uhai.